Je, Asiyetaka Kujua Ana Udhuru?



Majilio yamekaribia, na kama ilivyo desturi yetu, wale wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi wameanza kuulizana habari za nauli. Wa Taita atashuka Voi na kupanda matatu ya kwenda Wundanyi. Wa Rabai na Kaloleni hana safari ndefu, lakini naye atabeba mzigo wake wa sukari, unga wa ngano na kitenge cha mama. Ni jambo jema. Watu ambao watoto wao hawarudi nyumbani kuwaona wazee ni watu waliopotea njia. Lakini pamoja na habari za nauli kimeanza kusikika kikohozi, nacho kimelifufua swali ambalo sisi Wakristo tulilipita haraka mno wakati wa ugonjwa wa korona, kwa kuwa tulikuwa na mazishi na hofu, wala hapakuwa na nafasi ya kufikiri.

Swali lenyewe ni hili. Wakati ule walikuwako watu, tena si wachache, walioona dalili katika miili yao, ama waliokuwa wamekaa na mgonjwa, nao wakakataa kwenda kupimwa. Hawakukataa kwa kukiogopa kipimo chenyewe, ingawa kile kijiti cha kutiwa puani hakipendezi. Walikataa kwa sababu walijua kwamba wakipatikana na virusi itawabidi kujitenga, na sikukuu iko mlangoni. Basi wakasafiri, wakawakumbatia wazee wao, wakala pamoja nao. Je, mtu wa namna hii ana hatia, maadamu hakujua kwamba ni mgonjwa? Juzi katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia ndugu mmoja alisema kwamba hapana hatia pasipo kujua. Mama mmoja akasema hao ni wauaji tu, kama wauaji wengine. Nadhani wote wawili walikosea, na ningependa kueleza kwa nini, nikiwaomba wasomaji wawe na subira nami, kwa kuwa walimu wastaafu tuna mazoea ya kueleza jambo polepole.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Krismasi ya mwaka ule tuliila chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Amri hiyo iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, kwa hiyo Krismasi ya 2021 ilikuwa ya kwanza ya uhuru, na watu walikuwa na kiu nayo. Katikati ya Desemba hiyo ikathibitishwa kwamba aina mpya ya virusi, iliyoitwa Omicron, imeingia nchini. Nayo ilienea upesi kuliko zile zilizoitangulia. Katika juma la Krismasi zilikuwako siku ambazo zaidi ya robo ya watu waliopimwa walipatikana na virusi. Hao ni waliopimwa. Wale waliokaa nyumbani na mafua yao, wakinywa maji ya limau na tangawizi, hakuna aliyewahesabu. Ukimwuliza mtu, "Je, umepimwa?" alikujibu, "Hii ni homa tu, ya mabadiliko ya hewa. Ya nini nijitafutie maneno?"

Wala isidhaniwe kwamba huo ulikuwa udhaifu wetu sisi peke yetu. Huko Uingereza, ambako wengi wetu tuna watoto na wapwa, vipimo vya mtu kujipima mwenyewe nyumbani vilitolewa bure kwa kila mtu tangu Aprili 2021. Watu waliviweka kabatini kama majani ya chai. Sheria ya huko ilimtaka aliyepatikana na virusi ajitenge kwa siku 10, hata ikawa kwamba yeyote aliyepatikana navyo baada ya katikati ya Desemba alijua Krismasi imempita. Tarehe 22 Desemba 2021 siku hizo zilipunguzwa kuwa 7, kwa mtu ambaye kipimo cha siku ya sita na cha siku ya saba havikuonyesha virusi. Na huko nako walikuwako watu wenye kukohoa, wenye vipimo kabatini, ambao hawakulifungua kabati hadi sherehe zilipokwisha. Kipimo kilikuwa cha bure. Kilichokuwa ghali ni jibu lake.

Sasa tulitazame neno "sikujua". Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia kengele ya shule anajua kwamba neno hilo ni la aina mbili. Yuko mtoto aliyekuwa mbali, upande wa kisimani, na kengele haikumfikia. Huyo akisema hakujua, unamwacha aingie darasani. Na yuko yule aliyewaona wenzake wanaanza kukimbia, akajua kinachofuata, akaziba masikio ili baadaye aweze kusema, bila kusema uongo, kwamba hakuisikia kengele. Huyu wa pili ni mtoto mwerevu, na mara nyingi hufika mbali katika siasa. Lakini hakuna mwalimu aliyemhesabu kuwa sawa na wa kwanza.

Kanisa limelijua jambo hili kwa muda mrefu. Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliandika juu ya kutojua ambako mtu amekutaka mwenyewe ili asizuiwe kufanya analolipenda. Akasema kwamba kutojua kwa namna hiyo ni tendo la hiari, na kwa hiyo hakumwondolei mtu hatia. Ndugu yetu katika kikundi cha Biblia alitukumbusha mfano wa Bwana wetu katika Luka 12:47-48, wa mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake na yule ambaye hakuyajua. Ni kweli kwamba asiyejua alipigwa kidogo. Lakini tusome vizuri: hata yeye alipigwa. Tena mfano huo haumtaji mtumwa wa tatu, yule aliyetoka chumbani mbio alipomwona bwana wake anafungua kinywa kutoa agizo.

Mwaka 1877 mtaalamu mmoja wa hisabati wa Uingereza, W. K. Clifford, ambaye hakuwa rafiki wa dini, aliandika insha yenye mfano ambao sisi watu wa pwani tunaweza kuuelewa kuliko wasomaji wake wa kwanza. Kulikuwa na mwenye meli aliyekuwa karibu kupakia wasafiri wanaohamia nchi ya mbali. Meli ilikuwa kuukuu, nayo ilikuwa imetengenezwa mara nyingi, na moyoni alikuwa na shaka. Kuikagua na kuitengeneza kungemgharimu fedha. Basi akajituliza mwenyewe kidogo kidogo, kwamba meli hii imevuka tufani nyingi na kurudi salama, na kwamba Mungu hatawaacha watu hawa, hata akaamini kweli kwamba ni nzima. Ikazama katikati ya bahari, naye akapokea fedha za bima. Clifford anauliza kama ana hatia, maadamu aliamini kwa moyo wake wote. Anajibu kwamba anayo, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Na anaongeza jambo ambalo ni zito zaidi: kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Nahodha wa jahazi hapa kwetu asingehitaji insha kulijua hilo. Chombo hutazamwa kalafati kikiwa ufukweni, si kikiwa kilindini.

Kwa hiyo yule aliyesafiri bila kupimwa, na nyanya yake asiugue, asidhani kwamba uzima wa nyanya umemtakasa. Alibahatika, ndivyo tu.

Lakini msafiri wetu hafanani kabisa na yule mwenye meli, na ni vizuri tuione tofauti. Mwenye meli alijidanganya hadi akaamini. Msafiri wetu hakuamini lolote. Hakusema moyoni, "Mimi ni mzima." Alisema, "Sijui," na akailinda ile "sijui" kama mtu anavyoilinda taa isizimwe na upepo. Ukimkaribia na kipimo alirudi nyuma. Ukimtajia jirani aliyepatikana nacho alibadili mazungumzo. Alikuwa akiitunza shaka yake kwa sababu aliihitaji. Neno "sikujua" lina uzito linapomtoka mtu akiwa ameshtuka. Linapokuwa limeandaliwa kabla ya safari na kufungwa pamoja na mikate ya njiani, halina uzito huo tena. Aliyekuwa na udhuru wake tayari kabla ya kosa kutokea, alijua kwamba huenda atauhitaji; na aliyejua kwamba huenda atauhitaji, alijua ya kutosha.

Hilo ndilo jibu langu kwa ndugu yetu. Kwa mama aliyesema wauaji, jibu ni gumu zaidi, kwa sababu hasira yake ninaielewa. Muuaji hutaka mtu afe. Msafiri huyu hakutaka kitu chochote ila kilicho chema: kumwona mama yake, kumpelekea kitenge, kula naye wali. Yamkini alikuwa hajamwona kwa mwaka mzima au miwili. Upendo wake ulikuwa wa kweli, na ni huo huo uliomtia katika hatari ya kukosa. Tumezoea kuhubiri kana kwamba watu hukosa kwa chuki na tamaa tu. Wengi hukosa kwa kupenda bila kutaka kugharimika.

Watu wengi walipozungumza juu ya jambo hili waliitumia methali isemayo kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni methali nzuri, lakini nathubutu kusema kwamba hapa haikai sawasawa. Methali hiyo yamhusu mtu anayeficha ugonjwa wake, kisha yeye mwenyewe akafa na siri ikafichuka. Katika korona, kijana wa miaka 25 aliyeuficha ugonjwa aghalabu alipona kwa siku chache kwa maji ya tangawizi. Kifo kilimwumbua mtu mwingine, mwenye miaka 78 na kisukari, ambaye hakuficha kitu.

Nami naona hapa ndipo penye kiini cha jambo. Vipimo vingine tuvijuavyo humfaa anayepimwa. Ukipimwa malaria unapewa dawa ya malaria. Hata virusi vya Ukimwi, ambavyo watu walikataa kupimwa kwa miaka mingi wakiogopa fedheha, vilianza kupimwa kwa wingi zaidi dawa za kuvipunguza makali zilipopatikana bure. Aliyejua hali yake aliweza kuishi. Lakini kijana mwenye afya aliyepimwa korona alipata nini? Hapakuwa na dawa maalumu ya kumpa; angeambiwa apumzike na anywe maji mengi, jambo ambalo angelifanya hata hivyo. Yeye alipata hasara tupu: sikukuu imekwenda, nauli imepotea, majirani wanamnyooshea kidole. Faida yote ya kipimo ilikuwa ya mtu mwingine. Ni mara chache sana katika maisha mtu kutakiwa atafute habari kuhusu mwili wake mwenyewe kwa ajili ya mwili wa mwenzake. Hatukuwa na mazoea nalo, na hatukuwa na methali ya kutusaidia.

Basi nauliza: habari ile ilikuwa mali ya nani? Tuliichukulia kuwa ni siri ya mwenye mwili, ya kujua au kutojua apendavyo. Lakini tuseme kijana angepimwa, akapatikana na virusi, akampigia nyanya yake simu na kumwambia. Nyanya angeweza kusema, "Mjukuu wangu, kaa huko mpaka upone, utakuja mwaka mpya." Au angeweza kusema, "Njoo, lakini utakaa chini ya mwembe nami nitakaa barazani, tutaonana kwa macho." Au angesema kwamba amezeeka vya kutosha na hajui kama kuna Krismasi nyingine, basi na aje. Lolote kati ya hayo lingekuwa neno lake mwenyewe, juu ya maisha yake mwenyewe. Kijana aliyekwepa kipimo alimnyima nafasi ya kulisema. Alipokea uamuzi uliokuwa wa nyanya, akauamua yeye, tena akauamua kwa kunyamaza. Kwangu mimi, hata pale ambapo hakuna aliyeugua, hilo ndilo kosa lililotendeka, na linatendeka mezani huku watu wanacheka na kupakuliana.

Wazee wetu, na mimi sasa nahesabiwa humo, wana uzoefu wa kuamuliwa. Wasomaji mtakumbuka kwamba makanisa yalipofunguliwa tena mwezi Julai 2020, ibada zikiwa za saa moja na watu wasiozidi 100, waliozidi miaka 58 hawakuruhusiwa kuingia. Iliniuma kukaa nyumbani Jumapili, sitaficha. Lakini amri ile angalau ilitangazwa waziwazi. Mtu aliijua, akaipinga au akaitii. Mjukuu aliyenikumbatia akiwa na shaka moyoni hakunitangazia kitu.

Sasa nataka tuigeukie Biblia, maana iko sehemu ya Torati ambayo huwa tunairuka, na ambayo wakati wa korona ingetufaa kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia redioni. Katika Mambo ya Walawi sura ya 13 tunasoma jinsi mtu mwenye alama katika ngozi alivyopelekwa kwa kuhani, akatazamwa, akatengwa siku 7, akatazamwa tena, na ikibidi akatengwa siku 7 nyingine. Hayo wengi waliyataja. Lakini katika sura ya 14, kuanzia mstari wa 34, iko sheria ya nyumba. Nyumba ikionekana kuwa na pigo katika kuta zake, mwenye nyumba aende kwa kuhani na kumwambia kwamba naona kama kuna pigo nyumbani mwangu. Kisha kuhani, kabla hajaingia kutazama, anaamuru vitu vyote vitolewe nje, ili visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba (mstari wa 36).

Mwaka ule mtu mmoja mjuzi wa Maandiko alitumia mstari huo kujitetea. Alisema, "Mwaona? Hata katika Torati, kitu si najisi mpaka kuhani akitazame. Sufuria ile ile, ikiwa nje ni safi, ikiwa ndani ni najisi. Basi nami mpaka nipimwe, ni mzima." Nakiri kwamba ni hoja yenye akili, na kwa dakika chache ilinitatiza. Lakini mtazame yule mwenye nyumba. Ni nani aliyekwenda kwa kuhani? Ni yeye mwenyewe. Hakungoja kuletewa kuhani. Alipoona tu kitu kama pigo, kabla hajawa na hakika, alitakiwa aende akaseme. Torati ilimhurumia kwa kumwokolea vyungu vyake na mikeka yake. Haikumruhusu akae kimya kwa ajili ya vyungu hivyo. Tena naona jambo la pili, ambalo laelekezwa kwa makuhani na kwa serikali kuliko kwa mwenye nyumba. Huyo mtu alijua kwamba akisema, hatapoteza kila kitu. Sheria ilipunguza gharama ya kusema kweli, ili kusema kweli kuwezekane.

Sisi tulifanya kinyume. Katika majuma ya kwanza ya ugonjwa, mwaka 2020, waliopelekwa karantini hapa nchini walitakiwa wajilipie wenyewe, na hata katika vituo vya bei ya chini malipo yalikuwa kama shilingi 2,000 kwa siku, kwa siku 14 au zaidi. Mtu aliyekuwa akipata shilingi 500 kwa siku atazitoa wapi? Wengine walitoroka. Wengine, waliposikia maafisa wa afya wanakuja mtaani kupima, walifunga milango. Mwezi Mei mwaka huo serikali ilitangaza kwamba itabeba gharama za walio katika vituo vyake, na mwezi Juni ukatolewa utaratibu wa watu kuuguzwa nyumbani. Lakini hofu ilikwisha kuota mizizi. Na mtu aliyetaka kupimwa katika hospitali ya kibinafsi alilipa maelfu ya shilingi.

Kwa hiyo siwezi kumweka mchukuzi wa bandarini, au mama wa kuuza nyanya Kongowea, katika kikapu kimoja na karani mwenye mshahara wa mwezi. Yule wa kwanza akijitenga siku 10, watoto wake hawali. Yeye hakuikimbia habari kwa ajili ya karamu. Aliikimbia kwa ajili ya ugali wa leo. Kama kuna hatia katika kutojua kwake, sehemu kubwa ni ya jamii iliyoifanya habari hiyo isiweze kununuliwa na maskini. Karani hana utetezi huo. Alipewa ruhusa ya ugonjwa, mshahara wake ukaingia, na kilichomzuia asipimwe ni mbuzi wa tarehe 25.

Katika miaka yangu ya kufundisha niliona mfano mdogo wa jambo hili karibu kila muhula wa tatu, enzi za mitihani ya taifa. Mtoto anatokwa na vipele. Kila mtu mwenye macho anaona ni tetekuwanga. Mzazi anasisitiza ni kuumwa na mbu. Ukimwambia ampeleke zahanati, anasema atampeleka Ijumaa, mtihani ukiisha. Sikuwalaumu sana wazazi hao, kwa maana mtihani ulikuwa mmoja na miaka minane ilikuwa juu yake. Niligundua kwamba ukimwambia mzazi tangu mwanzo, "Mtoto wako atafanya mtihani wake, tutampa chumba cha peke yake," basi siku ile ile jioni ile mbu inageuka kuwa tetekuwanga. Alikuwa akijua muda wote.

Kanisa letu la Kianglikana lina mfano wake mkubwa zaidi, ambao ulitajwa sana wakati wa korona. Ni habari ya kijiji cha Eyam huko Uingereza, kilichoingiliwa na tauni mwaka 1665, yasemekana kwa kitambaa kilicholetwa kutoka London kwa mshona nguo. Mwaka 1666 kasisi wa parishi, William Mompesson, akisaidiwa na Thomas Stanley aliyewahi kuhudumu pale kabla yake, aliwashawishi watu wasitoke nje ya mipaka ya kijiji ili tauni isienee kwa majirani. Wakakubali. Watu wapatao 260 walikufa, na Catherine, mke wa kasisi, alikuwa mmoja wao.

Habari hii husimuliwa kana kwamba ni ya ushujaa mtupu. Mimi hupenda kutazama mambo mawili ambayo husahauliwa. La kwanza, Mompesson alikuwa amewaondoa watoto wake mwenyewe kijijini kabla mipaka haijafungwa. Nasi tusimhukumu, lakini tusimfanye malaika. La pili ni chakula. Mtu hawezi kukaa ndani ya mipaka kwa mahubiri tu. Bwana mkubwa wa jirani, Earl wa Devonshire, aliwapelekea mahitaji, na watu wa vijiji vya karibu waliacha vyakula mpakani, wakazichukua sarafu zilizokuwa zimelowekwa ndani ya siki. Waliokuwa ndani waliwalinda walio nje. Na walio nje waliwalisha walio ndani. Tulipohubiri kujitenga mwaka 2020 na 2021 tulihubiri nusu ya Eyam. Je, ni parishi ngapi zilizopeleka sufuria ya wali mlangoni kwa familia iliyojitenga? Ziko zilizofanya hivyo, Mungu azibariki. Lakini mara nyingi aliyejitangaza aligeuzwa kuwa habari ya mtaa, na dukani mabadiliko ya fedha yake yakatupwa juu ya meza ili mkono usiguse mkono. Aliyeyaona hayo yakimpata jirani yake mwezi Novemba, twamtazamia ajitokeze kupimwa mwezi Desemba?

Wako wanaosema mambo haya yamepita, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuondoa hali ya dharura mwezi Mei 2023. Ni kweli. Hakuna tena anayelazimishwa kujitenga. Lakini virusi vyenyewe havikuondoka, mafua makali bado huua wazee, na kifua kikuu kiko katika nyumba zetu nyingi kuliko tunavyokiri. Kikohozi kilichozidi majuma mawili chapaswa kupimwa, na kipimo chake katika vituo vya serikali ni cha bure. Swali la Krismasi ya 2021 linarudi kila mtu anapoahirisha kwenda zahanati mpaka baada ya harusi, baada ya matanga, baada ya Pasaka.

Limebaki jambo moja lililoletwa na mzee mmoja baada ya kikao chetu, naye alilileta kwa sauti ya chini. Alisema, "Mwalimu, unanena habari za vijana. Mimi ndiye niliyemwambia mwanangu asipimwe. Nilimwambia, usinieleze kitu, njoo hivyo hivyo." Nadhani wazee wengi walisema hivyo, kwa maneno au kwa kunyamaza. Nilimjibu kwamba kwa sehemu yake mwenyewe alikuwa na haki. Mzee aliyechagua kumwona mwanawe kuliko kuongeza miaka, sina la kumwambia, na huenda nami ningechagua hivyo. Lakini nikamwuliza ni nani aliyepika siku ile. Akasema ni mke wa mdogo wake, aliyekuwa na mimba. Na maji? Yaliletwa na binti wa jirani, anayeishi na nyanya yake mwenye pumu. Na Jumapili ya tarehe 26 walikwenda kanisani wote, wakaketi benchi la tatu kutoka mbele.